Utafiti wa Elimu ya Fedha za Kiislamu Uganda: Istilahi Nyingi, Hesabu Chache

Ukisoma makala za kitaaluma kuhusu benki za Kiislamu katika ukanda wetu, hukawii kufika kwenye hitimisho lile lile: watu hawazitumii huduma hizi kwa sababu hawazielewi, basi wafundishwe. Hapa Uganda hitimisho hilo limeshatoka vyuoni. Utalisikia kwenye semina za wafanyabiashara na hata kwenye darsa baada ya sala ya Ijumaa. Anayelisema huwa hana shaka nalo. Mimi ninayo, na sidai kwamba Waislamu wa Uganda wanajua kila kitu kuhusu fedha. Ninachodai ni kwamba utafiti uliopo haujapima kile ambacho wengi wanaamini umekipima.

Tuanze na tarehe, maana zinaeleza mengi. Marekebisho ya Sheria ya Taasisi za Fedha ya mwaka 2016 ndiyo yaliyofungua mlango wa benki za Kiislamu Uganda, na kanuni zake zikatoka 2018. Benki ya kwanza kamili ya aina hiyo, Salaam Bank, ilipata leseni mwaka 2023, baada ya Salaam African Bank ya Djibouti kuinunua iliyokuwa Top Finance Bank. Wakenya walikuwa na Gulf African Bank na First Community Bank tangu 2008, na Watanzania wakaipata Amana Bank 2011. Sisi tulikuwa na sheria bila benki kwa takribani miaka saba.

Katika miaka hiyo watafiti wetu hawakukaa bure. Mwaka 2016 Sulaiman Lujja na wenzake walichapisha utafiti juu ya nia ya Waganda kuanza kutumia benki za Kiislamu. Baadaye, kufikia 2020, Juliana Bananuka na wenzake wa Chuo cha Biashara cha Makerere, MUBS, wakatoa makala kadhaa kuhusu nia hiyo hiyo, wakipima mtazamo wa mtu, ucha Mungu wake na uzito wa maneno ya watu wa karibu yake. Ni kazi za heshima zilizopita kwenye majarida ya kimataifa, na zimeiweka Uganda kwenye ramani ambayo kwa kawaida hujazwa na Malaysia na Indonesia.

Lakini tazama kilichopimwa. Ni nia, tena nia ya kutumia kitu ambacho wakati huo hakikuwapo. Mtu akiulizwa kama atapanda treni katika mji ambao reli haijajengwa, anaweza kusema ndiyo kwa moyo safi kabisa, na jibu lake lisikusaidie kujua kama atakubali nauli. Watetezi wa utafiti huo wana jibu, na si jibu dhaifu: benki haianzishwi gizani. Benki Kuu, wawekezaji na Bunge walihitaji kujua kama kuna watu watakaokuja, na hakukuwa na njia nyingine ya kulijua hilo kabla ya mlango kufunguliwa. Nakubali. Tatizo langu ni kwamba tangu mlango ufunguliwe, mazoea ya kupima nia yangali yale yale, na huku neno "elimu" likizidi kupachikwa kwenye vichwa vya makala, dodoso lenyewe halijabadilika sana.

Hilo neno lina historia yake. Mwaka 2004 wachumi Annamaria Lusardi na Olivia Mitchell waliingiza maswali matatu mafupi kwenye utafiti wa Wamarekani wenye umri mkubwa: moja la riba, moja la mfumuko wa bei, moja la kusambaza uwekezaji badala ya kuweka mayai yote kwenye kapu moja. Maswali hayo matatu yakaenea dunia nzima. Mwaka 2014 kampuni ya Standard & Poor's ikishirikiana na Gallup, Benki ya Dunia na Lusardi mwenyewe iliwahoji watu wazima zaidi ya 150,000 katika nchi zaidi ya 140, Uganda ikiwamo, kwa kutumia mada nne. Aliyepata tatu kati ya nne alihesabiwa kuwa ana elimu ya fedha. Duniani kote walikuwa mmoja kati ya watatu.

Sasa, mada mbili kati ya hizo nne zinahusu riba moja kwa moja. Swali moja lilikuwa hivi: unahitaji kukopa dola 100, je, ni nafuu kurudisha dola 105, au dola 100 na asilimia 3 juu yake? Jingine liliuliza kuhusu akiba iliyowekwa benki kwa asilimia 15 kwa mwaka, na riba kuzaa riba. Hapo ndipo wanazuoni wa fedha za Kiislamu wanapoinua mkono. Wanasema huwezi kumpima mtu kwa vitu ambavyo dini yake imemkataza kuvigusa, kisha ukamwita mbumbumbu. Kwa mujibu wao Mwislamu anahitaji kipimo chake: anajua riba ni nini na kwa nini imeharamishwa? Anaelewa gharari, yaani utata uliopindukia katika mkataba? Anaweza kutofautisha murabaha (kuuziana kwa faida inayotajwa wazi), ijara (kukodisha), mudharaba (mmoja atoe mtaji, mwingine kazi) na musharaka (ubia wa mtaji)? Anajua zaka inaanza kumwajibikia akifikisha kiasi gani, na mirathi inagawanywa vipi? Ndiyo maana tangu miaka ya 2010 yametengenezwa madodoso mengi ya elimu ya fedha za Kiislamu, hasa Malaysia na Indonesia, na baadaye Uturuki na nchi za Ghuba.

Upande wa pili unajibu kwamba hilo ni kuchanganya mambo. Kujua jinsi riba inavyokua si sawa na kuila, na daktari anayejua jinsi pombe inavyoharibu ini hajanywa chochote. Zaidi ya hayo, hesabu ya asilimia ni ile ile iwe inaitwa riba au faida ya muuzaji. Wanaoshika msimamo huu wanaogopa kwamba "elimu ya fedha za Kiislamu" itageuka kuwa orodha ya majina ya Kiarabu ya kukariri, na atakayefaulu mtihani atakuwa mwanafunzi wa madrasa, si yule mama wa soko la Owino, Kampala, anayezungusha mtaji mara tatu kwa mwezi.

Ubishi huu hauishi ukibaki hewani, kwa hiyo tuushushe sokoni. Chukua mfano wa kubuni. Mfanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa biashara hapa Kampala, anataka sukari ya shilingi milioni 10 lakini hana fedha taslimu. Taasisi ya kawaida inamwambia: tutakukopesha milioni 10 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, ikihesabiwa kwa deni linalobaki, ulipe kila mwezi kwa miezi 12. Taasisi ya Kiislamu inamwambia: sisi hatukopeshi, tutainunua sukari hiyo na kukuuzia kwa milioni 11 na laki 8, faida yetu ni asilimia 18, nawe utalipa kila mwezi kwa miezi 12. Asilimia 18 dhidi ya asilimia 24. Anayesikiliza kwa haraka ataona ya pili ni nafuu, tena ni halali.

Kaa chini upige hesabu. Kwenye mkopo wa asilimia 24, marejesho ya kila mwezi yanakuwa takribani shilingi 945,600, na mwisho wa mwaka amelipa kama milioni 11 na 347,000. Kwenye murabaha analipa 983,333 kila mwezi na jumla ni milioni 11 na laki 8. Kilichotokea ni kwamba faida ya asilimia 18 ilihesabiwa kwenye bei yote mwanzoni, ingawa deni linapungua mwezi hadi mwezi. Ukiigeuza ifanane na hesabu ya mkopo, inafika karibu asilimia 32 kwa mwaka. Mtu wetu amekimbia riba akaangukia kwenye gharama kubwa zaidi, ya halali lakini kubwa, na hakuna aliyemdanganya kwa neno hata moja.

Mpaka hapo upande wa pili unashangilia: mnaona, elimu inayohitajika ni hesabu tu. Subirini kidogo. Ngoja lori la sukari lipinduke Mukono kabla halijafika Kampala. Kwenye mkopo, sukari ni ya mfanyabiashara na deni liko pale pale. Kwenye murabaha iliyofanywa sawasawa, taasisi inapaswa kuimiliki bidhaa kwanza, na ikiharibika kabla ya kumuuzia mteja, hasara ni ya taasisi. Ngoja pia mwezi wa saba biashara iyumbe na marejesho yachelewe. Kwenye mkopo wa kawaida deni linaendelea kukua. Kwenye murabaha bei imeshafungwa, haiongezeki, na kwa viwango vinavyofuatwa na benki nyingi za Kiislamu, faini ya kuchelewa, ikiwapo, inakwenda kwenye mambo ya hisani na si kwenye faida ya benki. Na ngoja mfanyabiashara apate fedha mapema, mwezi wa tano, atake kumaliza deni. Kwenye mkopo unaohesabiwa kwa deni linalobaki ataokoa riba ya miezi iliyosalia. Kwenye murabaha anadaiwa bei yote, na punguzo mara nyingi ni hiari ya muuzaji isipokuwa mkataba umesema vingine.

Kwa maoni yangu, hizo ndizo elimu mbili zinazohitajika kwa pamoja, na ajabu ni kwamba madodoso mengi hayapimi hata moja. Maswali matatu ya Lusardi yangenasa kosa la hesabu lakini yasingeuliza nani anabeba hasara ya lori. Madodoso ya Kiislamu, kwa mtindo wao uliozoeleka, yangemwuliza mfanyabiashara, kwa alama moja hadi tano, anakubali kiasi gani na sentensi ya namna hii: "Ninaelewa maana ya murabaha." Angejibu anakubali kabisa. Angepata alama tano kati ya tano, na laki nne na nusu zingemtoka mfukoni akiwa amefaulu.

Kasoro ya mtu kujipima mwenyewe inajulikana kote katika utafiti wa fedha, si kwa Waislamu peke yao. Wapo wanaojidai wanajua kumbe hawajui, na wapo, hasa wanawake, wanaojishusha kumbe wanajua. Lakini kwenye fedha za Kiislamu kuna la ziada. Swali linagusa imani. Mwislamu anayeulizwa mbele ya mtafiti kama anaijua hukumu ya riba anaona ni kama anaulizwa kuhusu Uislamu wake. Nani atasema sijui? Ndiyo maana naona kipengele cha ucha Mungu, ambacho makala nyingi huona kinaungana vizuri na "elimu" na "nia", kinapaswa kutazamwa kwa jicho la pili. Huenda vyote vitatu vinapima kitu kimoja, yaani mtu kutaka kuonekana Mwislamu mwema, na mishale inayochorwa kati yao kwenye vielelezo vya takwimu haituambii mengi.

Indonesia inatupa somo la wazi kuhusu kipimo. Mamlaka yao ya huduma za fedha, OJK, hupima elimu ya fedha za kisharia kitaifa. Mwaka 2019 kiwango kilikuwa asilimia 8.93. Mwaka 2022 kikawa 9.14. Kisha utafiti wa 2024, ambao safari hii ulifanywa pamoja na shirika la takwimu la taifa, BPS, ukatoa asilimia 39.11. Ukiamini tarakimu hizo kama zilivyo, basi nchi yenye watu zaidi ya milioni 270 iliongeza elimu yake mara nne ndani ya miaka miwili, baada ya kusimama pale pale kwa miaka mingi. Mimi naona rahisi zaidi kuamini kwamba rula ndiyo iliyobadilika kuliko kichwa cha mpimwaji. Silaumu OJK, wao angalau wana sampuli ya kitaifa na wanachapisha matokeo. Ninachosema ni kwamba kama taifa lenye uzoefu huo wote linaweza kuruka kutoka tisa hadi thelathini na tisa, sisi tunaonukuu asilimia kutoka kwa wanafunzi mia mbili wa chuo kimoja tunapaswa kusema kwa sauti ya chini.

Wanafunzi, ndiyo. Hao ndio wanaojaza sampuli za fani hii popote duniani, kwa sababu wako darasani, wanajua kusoma, na wengine mhadhiri wao ndiye mtafiti. Uganda ina Chuo Kikuu cha Kiislamu, IUIU, kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988 chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, na kingeweza kuwa makao ya asili ya utafiti huu. Kinao wanazuoni wa sharia na wa uhasibu chini ya paa moja, jambo ambalo vyuo vingi havina. Lakini tasnifu nyingi za vyuo vyetu vyote huishia kwenye rafu ya maktaba, na dodoso kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, pengine na tafsiri ya Kiganda.

Hesabu nani anabaki nje. Kwa sensa ya 2014 Waislamu walikuwa asilimia 13.7 ya Waganda milioni 34.6, kiasi cha watu milioni 4.7. Sehemu yao wanaishi na kufanya biashara kwa Kiswahili au kwa lugha zisizo za Buganda: Wanubi wa Bombo, Waislamu wa Arua na Yumbe kule West Nile, wabadilisha fedha wa Busia na Malaba wanaohesabu shilingi ya Kenya na ya Uganda kwa kichwa bila kalamu, Wasomali wa Kisenyi, Kampala, wanaotuma mzigo kwa ahadi ya mdomo. Watu hao wana desturi za ubia, amana na kukopeshana zilizo hai. Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Itachukua muda mpaka uamuzi huo uingie kwenye madodoso. Na hapa sizungumzii uungwana wa lugha tu. Ukimwuliza mbadilisha fedha wa Busia kwa Kiingereza cha kitabuni kuhusu kubadilishana sarafu papo kwa papo, atakutazama. Mwulize kwa Kiswahili kama inafaa umpe dola leo akupe shilingi kesho, atakusomea hukumu yake na sababu zake, kisha atakueleza anavyoikwepa.

Kuna hoja kubwa zaidi ambayo watetezi wa elimu hawaipendi: je, kufundisha kunabadilisha chochote? Mwaka 2014 Daniel Fernandes, John Lynch na Richard Netemeyer walikusanya tafiti 201 wakaona kwamba mafunzo ya fedha yanaeleza sehemu ndogo mno, asilimia 0.1, ya tofauti za tabia za watu kifedha. Wapinzani wa semina wakafurahi. Kisha mwaka 2022 Tim Kaiser, Lusardi na wenzao wakakusanya majaribio 76 ambamo bahati nasibu ndiyo iliyoamua nani afundishwe na nani asifundishwe, yenye watu zaidi ya 160,000, wakaona mafunzo yanaongeza maarifa na yanagusa tabia pia. Sehemu ya tofauti inatokana na aina ya tafiti zilizojumlishwa, na mabishano hayajaisha. Ila kumbuka tu kwamba upande wa fedha za Kiislamu hauna hata malighafi ya kuingia kwenye mabishano hayo, kwa sababu majaribio ya namna hiyo ni haba mno.

Si kwamba hayawezekani Uganda. Yamefanyika, tena kwa ustadi. Julian Jamison, Dean Karlan na Jonathan Zinman walichukua vilabu 240 vya vijana vya Kanisa la Uganda, wakavigawa kwa bahati nasibu: vingine vipate mafunzo ya fedha, vingine vifunguliwe akaunti ya akiba, vingine vyote viwili, vingine visipate kitu. Waliofundishwa waliongeza maarifa. Lakini akiba yote kwa jumla, kwa maelezo ya vijana wenyewe, iliongezeka karibu sawa katika makundi matatu yaliyopata kitu, hata wale waliopewa akaunti bila somo. Yaani kwa vijana wale akaunti peke yake ilifanya kazi inayokaribiana na ya somo. Ukiyahamishia matokeo hayo kwetu, swali linakuja lenyewe: miaka yote ile tuliyosema Waislamu hawajui, je, tatizo lilikuwa ujinga au lilikuwa kwamba hapakuwa na akaunti ya kufungua? Misikiti ina vijana, ina vikundi, ina orodha za majina. Jaribio kama lile lingeweza kufanywa kesho kutwa, na sasa benki ipo.

Kwa upande wa dunia, ushahidi wa kwamba dini ndiyo inayowaweka Waislamu mbali na benki nao si mzito kama unavyodhaniwa. Asli Demirgüç-Kunt na wenzake wa Benki ya Dunia waliangalia watu zaidi ya 65,000 katika nchi 64, wakachapisha 2013. Waislamu walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuwa na akaunti rasmi, hilo ni kweli, lakini hawakuonekana kukopa kidogo kuliko wengine. Huko Jordan, Karlan akiwa na Adam Osman na Nour Shammout walijaribu kunadi mkopo wa kawaida na ule wa kisharia kwa watu waliogawanywa kwa bahati nasibu. Mkopo ulipokuwa wa kisharia, walioomba walipanda kutoka asilimia 18 hadi 22. Ni ongezeko la maana kwa benki. Kwa anayetangaza kwamba mamilioni wanangoja nje ya mlango, ni maji ya baridi kidogo.

Hapa nchini vipo vipimo vya tabia halisi ambavyo hakuna mtu anayehitaji kuvibuni. Mpango wa Maendeleo ya Parokia, PDM (parokia hapa ni eneo dogo la utawala wa serikali, si la kanisa), uliozinduliwa Februari 2022, unaipa kaya mkopo wa shilingi milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Ni riba ndogo sana kwa bei za soko letu. Hebu mtafiti aende kwenye parokia zenye Waislamu wengi aone nani alichukua, nani alikataa, na aliyekataa alikataa kwa sababu gani. Mtu anayeacha milioni ya bei nafuu kwa ajili ya asilimia 6 amekupa ushahidi wa imani ambao dodoso la alama tano haliwezi kukupa. Na aliyechukua huku akijua hukumu yake pia ana la kusema, hata kama halitapendeza kwenye makala.

Vikundi vya akina mama navyo ni hazina isiyochimbwa. Upatu, au nigiina kama tunavyouita Kampala, hauna riba. Kila mmoja anatoa, kila mmoja anapokea kwa zamu. Lakini vikundi vya kuweka na kukopa vinatoza wanachama asilimia kadhaa kwa mwezi, kisha mwisho wa mwaka wanagawana. Mwislamu aliye ndani ya kikundi hicho pamoja na jirani zake Wakristo anafanyaje na sehemu ya mgao inayotokana na riba? Wapo vikundi vinavyobadili riba kuwa ada, wapo wanaogawana hasara na faida ya biashara moja ya pamoja, na wapo wanaofumba macho. Huo ni uamuzi wa kifedha wa Kiislamu unaofanywa chini ya mwembe na watu ambao wakipewa dodoso wataandikwa "kiwango cha chini cha elimu".

Sitaki kuwadhulumu watafiti wetu. Dodoso la alama tano ni nafuu, linakamilika ndani ya muhula, na majarida yanalikubali. Jaribio la vilabu 240 linataka wafadhili, vibali na miaka. Mhadhiri anayefundisha vipindi vingi kwa wiki, na anayehitaji makala mbili ili apandishwe cheo, anachagua anachoweza. Na kuna ukweli kwamba bila kazi zile za awali za nia na mtazamo tusingekuwa na hata msamiati wa kubishania.

Ila fedha za utafiti zina mwenyewe. Benki inayotafuta wateja itafurahi kudhamini utafiti unaosema tatizo ni uelewa wa mteja, kwa sababu dawa yake ni semina, na semina ni tangazo. Haitafurahi hivyo kudhamini unaouliza kama murabaha yake ni ghali. Profesa Lauren Willis wa Marekani aliandika mwaka 2008 dhidi ya mtindo mzima wa kumfundisha mteja badala ya kumbana muuzaji, na sidhani kama alikuwa akifikiria Kikuubo, lakini hoja yake inatufaa. Miongozo ya Benki Kuu ya Uganda ya 2011 ya kumlinda mtumiaji tayari inazitaka taasisi zimweleze mteja gharama zote kabla hajasaini. Wenye kuiamini elimu watasema karatasi haimsaidii asiyejua kuisoma, nao wana haki. Wenye kuiamini sheria watasema ukimpa karatasi fupi iliyo wazi hahitaji semina ya siku tatu.

Ubishi huo unaweza kupimwa. Andika masharti ya murabaha kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiganda, kwa Kiswahili na kwa Kilugbara. Wapelekee watu wa Bombo, Arua na Busia, nusu yao wakiwa wamehudhuria somo na nusu hawakuhudhuria, Wakristo wakiwamo, maana sheria haikumfungia mtu mlango. Mpe kila mmoja dakika kumi, kisha mwulize: jumla utalipa shilingi ngapi, ukimaliza mapema utapunguziwa nini, na mali ikiharibika kabla hujaikabidhiwa, hasara ni ya nani? Majibu yanaweza kuchapishwa kwenye jedwali moja, bila mshale hata mmoja.